Nyuzi 114

Hukumu ya kesi ya mpaka wa bahari kati ya Somalia na Kenya ilisomwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, Jumanne ya 12 Oktoba 2021, alasiri. Mimi nilikuwa Lamu, nyumbani kwa baba, mtaa wa Langoni, chumba cha juu ambako mtandao hushika vizuri kuliko chini. Masomo yetu ya uzamili ya sheria na uhusiano wa kimataifa yalikuwa yamehamia mtandaoni kwa sababu ya korona, na kesi hii ndiyo niliyoichagua iwe kiini cha tasnifu yangu. Nilikuwa nimeifuatilia kwa hamu kubwa. Ni nadra mwanafunzi wa sheria ya kimataifa kusoma kesi inayohusu maji anayoyaona kwao.

Rais wa Mahakama, Jaji Joan Donoghue, alisoma, nami nikaandika. Kenya ilikuwa haikushiriki vikao vya Machi, na wiki chache kabla ya hukumu ilikuwa imeliondoa tamko lake la 1965 la kuyakubali mamlaka ya mahakama hiyo. Kuliondoa hakukuweza kuizuia kesi iliyofunguliwa tangu Agosti 2014.

Baada ya Magharibi baba akaniita. Alikuwa na wageni dakani kwake, yaani kwenye baraza la mlangoni, kila jioni mwezi ule, maana ulikuwa Mfungo Sita na watu wa visiwani huja mjini kwa mambo ya Maulidi. Jioni ile walikuwa watatu kutoka Kizingitini, kisiwani Pate, Wabajuni, wavuvi wa tangu ujana, wameketi kwenye daka na kahawa yao.

"Mwanangu, shuka utueleze," alisema baba. "Redio yasema tumepokonywa bahari. Bahari ipi?"

Nikashuka na daftari na ramani niliyoichapisha, nikaketi kwenye kidaraja cha mlango. Niliwaamkia, "Shikamooni, ami." Aliyekuwa mkubwa wao, ambaye jamaa za mamake walitoka Kismayu, ndiye aliyeshika usukani wa maswali.

Nilianza na nchi kavu kwa sababu yeye alianza hapo. Alitaka kujua nani aliyeukata mpaka wenyewe kwanza, akasema wazee wake walikwenda Kismayu na kurudi bila kuulizwa cheti. Nikamweleza kwamba Jubaland yote, Kismayu ikiwamo, ilikuwa chini ya Waingereza hadi walipokubali kuwapa Waitaliano, kwa mkataba uliotiwa sahihi 15 Julai 1924. Alama za mpaka zilizowekwa baadaye ndizo zilizofika hadi ufukoni, karibu na Ras Kiamboni. Baharini hakuna aliyechora kitu.

"Basi ugomvi ni wa hapo majini," alisema.

Ni wa hapo. Kenya ilidai mstari utoke pwani uende mashariki moja kwa moja, kufuata latitudo, kama ulivyotangazwa na marais wake 1979 na tena 2005. Ilisema Somalia ilinyamaza miaka yote hiyo, na aliyenyamaza ameridhika. Somalia ilitaka mstari wa katikati, unaokwenda kusini-mashariki kwa umbali ulio sawa kutoka pwani zote mbili. Kati ya madai hayo mawili kulikuwa na pembetatu ya bahari ya zaidi ya kilomita za mraba 100,000. Mahakama iliikataa hoja ya kunyamaza. Ilisema kuridhika kwa namna hiyo lazima kuwe wazi na kusiwe na kigeugeu, na haikuweza kuvifumbia macho vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoifika Somalia.

Mzee alitikisa kichwa kukubali. "Mtu mgonjwa hajibu hodi. Haina maana nyumba haina mwenyewe."

Nimesoma maoni mengi ya wanazuoni juu ya sehemu ile ya hukumu, na sijaona aliyeifikia haraka kama yeye.

Palipowaudhi ni penye visiwa. Nilieleza kwamba ili kuuchora mstari wa katikati katika maili 12 za mwanzo, ambazo sheria huzihesabu kuwa bahari ya nchi yenyewe, mahakama ilichagua nukta zake kwenye bara tu, ikaviacha nje visiwa vidogo na miamba iliyo mbele ya pwani, visije vikaupinda mstari kupita kiasi. Mdogo wao, aliyekuwa kimya, aliuliza itakuwaje mwamba anaoujua kila mvuvi usihesabiwe. Nilimjibu kwamba majaji walitafuta haki ya pande mbili. Jibu lilikuwa sahihi, na uso wake ulinionyesha kwamba halikumtosha.

Kisha nikafika kwenye sentensi ambayo mchana niliipigia mstari kwa kalamu nyekundu: kutoka maili 12 kwenda nje, mpaka ni mstari unaoanza kwa uelekeo wa nyuzi 114.

Baba, ambaye alikuwa nahodha wa jahazi kabla magoti hayajamkataza, aliinuka bila neno, akaingia ndani, akarudi na dira yake. Akaiweka sakafuni na kuigeuza taratibu. Mashariki kamili, nyuzi 90, ndiko Kenya ilikotaka. Akasogeza kidole. "Hapa," akasema. "Yaani ukitoka hapo mpakani, badala ya kushika mashariki, unateremka kusini kiasi hiki." Wale watatu waliinama kutazama. Kwa dakika hiyo hukumu yenye kurasa nyingi ikawa kitu ambacho kila mmoja pale alikuwa na uwezo wa kukipima, na niliona fahari juu ya somo langu ambayo darasani sikuwahi kuiona.

Niliwaambia pia kwamba mstari wa katikati mtupu ungeteremka zaidi ya hapo. Majaji waliitazama pwani yote, Tanzania ikiwamo, wakaona Kenya imebanwa katikati, ndipo wakaupandisha kaskazini kidogo. Na kwamba wazo la nchi kuwa na ukanda wake wa kiuchumi wa maili 200, yaani bahari ambamo samaki na mali nyingine ni haki yake, ambalo leo limo katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa sheria ya bahari wa 1982, lilipelekwa Lagos 1972 na Mkenya, Frank Njenga, mbele ya mataifa ya Asia na Afrika. Hilo liliwafurahisha. Baba alinirudisha nilitaje jina mara ya pili.

Lakini mzee wa Kizingitini alikuwa na lake. "Sisi hatuendi maili 200. Twaenda Kiunga, karibu na mpaka, na kupita kidogo, wakati wa kaskazi tukiwafuata samaki. Na wa kule huja huku. Wengine ni nduguzetu. Hao majaji wametuzungumza?"

Nilimwambia walituzungumza kwa aya chache. Kenya iliitaja riziki ya wavuvi kuwa sababu ya kuuhamisha mstari. Mahakama haikukubali kwamba madhara yangekuwa makali kiasi hicho. Karibu na nchi kavu tofauti ya mistari ni ndogo, hupanuka kadiri unavyokwenda nje, kwa hiyo kwa macho ya sheria hoja ilikuwa nyepesi.

"Sikuuliza mstari uhamishwe," alisema. "Nimeuliza kama naweza kuvuka."

Nikakumbuka Eritrea na Yemen, nikamsimulia. Mwaka 1998 baraza la usuluhishi liliamua visiwa vya Bahari ya Shamu ni vya nani, lakini likasema wavuvi wadogo wa pande zote mbili waendelee kama walivyozoea, na uamuzi wa 1999 ukaeleza kwamba haki hiyo ni pamoja na kuingia bandari za upande wa pili na kuuza samaki. Kwetu, mahakama haikuombwa jambo kama hilo. Iliombwa mstari, ikatoa mstari.

"Mbona haikuombwa?"

Tuliongea hadi kafyu ya saa nne ilipokaribia.

Msimamizi wangu alisema suala la wavuvi liko nje ya tasnifu ya mipaka. Nilishikilia, nikaliandikia sura nzima. Sikuficha ugumu wake: uamuzi wa baraza la usuluhishi wa 2016 juu ya Bahari ya Kusini ya China uliilinda haki ya jadi ya uvuvi ndani ya maili 12, ukaikataa katika ukanda wa kiuchumi. Lakini Wabajuni huvua karibu na nchi kavu, na nchi mbili hazihitaji jaji ili kuwaandikia wavuvi wao mapatano. Siku ya kuitetea, mtahini mmoja aliniuliza Kenya itatiaje sahihi ilhali imeikataa hukumu yenyewe. Nilimjibu kwamba mapatano ya uvuvi yanaweza kuandikwa kwa kifungu kinachosema hayagusi msimamo wa upande wowote kuhusu mpaka, na kwamba mataifa huandika vifungu vya aina hiyo kila mara yanapotaka watu wao wale.