Siku moja na mbwa wa kutafuta waliopotea, Kimana

Saa kumi na moja alfajiri: kufagia banda, kuzoa mavi, kubadilisha maji, kumpapasa mbwa mwili mzima kutafuta kupe na miiba ya migunga. Huku Amboseli mbwa wa kufuata nyayo waliletwa kuwasaka majangili, lakini mtoto akipotea malishoni, sisi ndio tunaoitwa.

Saa kumi na mbili, mazoezi. Mimi bado mwanagenzi, na kazi ya mwanagenzi ni kupotea. Najilaza kichakani kwenye umande, mpira mfukoni, nikimsubiri mbwa. Anaweza kupita hatua chache tu kutoka nilipo asinigundue, kisha upepo ukigeuka, shingo inakata kona kabla ya miguu. Akinifikia tunavutana mpira. Huo ndio mshahara wake.

Saa mbili na nusu, redio. Mbuzi walirudi jana jioni, mchungaji mdogo hakurudi. Wangetuita usiku uleule! Jua likishapanda ardhi inakauka, harufu inatawanyika, na mbwa anachoka upesi.

Tunafika, nusu ya kijiji imeshakanyaga kila mahali. Sajini anaomba nguo ya mtoto ambayo haijafuliwa. Mjomba mtu analeta shuka lililopita mikononi mwa bibi, mama na majirani, na analikung'uta kwanza "lisimchafue mbwa." Tunaomba nyingine. Analeta shati linalonukia sabuni.

"Mzee, tunataka kitu chenye harufu yake peke yake."

"Kwani mbwa wenu anajua kunusa au hajui?"

Mbwa wa kifusi, wa majengo kama lile la Huruma, Nairobi, lililoporomoka 2016, hutafuta binadamu yeyote aliye chini. Wetu anatafuta mmoja, kwa hiyo lazima aambiwe ni yupi. Nalieleza hilo, naulizwa kama anang'ata. Naeleza tena, naulizwa kwa nini hatumfungui kamba aende zake. Mama ndiye aliyeingia ndani kimya akatoka na kofia ya sufu anayolalia mtoto. Sajini akaipokea kwa glavu.

Baada ya hapo saa sikuitazama tena. Sajini na kamba ndefu mbele, mimi nyuma na madumu ya maji, mjomba kila mara akitutangulia na kuvuruga njia. Kwenye mawe meusi mbwa akapoteza harufu, akazunguka, ulimi nje. Tukampumzisha kivulini, nikamlowesha tumbo na nyayo. Tukavuka korongo kavu, akaipata tena, kamba ikakaza hadi mlangoni mwa boma la shangazi. Mtoto yupo, kikombe cha chai mkononi. Alipotezana na mbuzi, akaogopa fimbo.

"Ah, huku ndiko anakopenda kukimbilia," mjomba akasema.

Sajini alinitazama, nikafunga mdomo. Nikampa mtoto mpira amrushie mbwa.

Kambini bado kuna nyayo za kuosha, mwiba wa kung'oa na daftari la kujaza: upepo, joto, aina ya ardhi, harufu ilipopotea na ilipopatikana. Kwenye safu ya vikwazo niliandika "mjomba". Sajini akalifuta neno hilo.