Chayote, ndugu yake mumunye niliyemkuta Houston

Jamani leo acha niongelee chayote, maana dada zangu wa hapa Houston kila siku mnaniuliza lile dude la kijani lenye umbo la peari kwenye maduka ya Wameksiko linapikwaje. Ni jamii moja na mumunye na boga. Mimi nilipokuwa na mimba ya pili nilitamani mumunye la nazi mpaka machozi, nikizunguka madukani silioni, ndio jirani yangu, mama mmoja wa Veracruz kule Meksiko, akanigongea mlango na chayote mbili mkononi, akasema jaribu hizi.

Siku ya kwanza nilimenya mikono mikavu, ule utomvu ukanigandia viganjani kama gundi na ngozi ikafa ganzi, nikaogopa kweli. Sasa namenyea ndani ya bakuli la maji, na vile vidogo vyenye ganda laini simenyi kabisa.

Dukani ishike kwanza. Iwe ngumu, nzito, kijani cha kupauka, isiwe na madoa ya kahawia wala kunyauka. Halafu igeuze uangalie ule mdomo wa chini, ukiona umefunuka na kachipukizi kanachungulia ujue mbegu imeshaota humo humo ndani, maana chayote ina mbegu moja tu na inaota tunda likiwa zima. Ikiwa changa hiyo mbegu ni laini na tamu, msiitupe, kwangu wanaigombania.

Kushiba haikushibishi, gramu 100 mbichi ni kalori 19 tu, karibu yote maji. Utajiri wake ni foleti, ile vitamini tunayopewa kwenye vidonge kliniki tukiwa wajawazito. Moja ya wastani, gramu 200 hivi, ina kama maikrogramu 190, na mtu mzima anahitaji 400 kwa siku, mjamzito 600. Vidonge meza kama ulivyoambiwa, ila chayote usiichemshe ukamwaga yale maji, foleti inakwenda nayo, na hapo ndipo tui la nazi linaponifurahisha, kitunguu, nyanya, bizari kidogo, mchuzi wote unaliwa na wali. Na haivurugiki kama mumunye, vipande vinabaki vizima.

Kuweka ni rahisi, usiioshe, ifunge kwenye karatasi uiweke droo ya mboga kwenye friji, zangu zinakaa wiki mbili hadi tatu, ila isibanwe kule nyuma kwenye baridi kali inatoka vishimo. Ukishaikata ifunike, uimalize ndani ya siku mbili tatu.

Ikikuotea usitupe, unaipanda nzima nzima, usiitoe mbegu. Yangu imeshapanda uzio wote, ncha zake nazichuma napika kama msusa, maua bado, jirani anasema nisubiri siku zikianza kuwa fupi ndio itachanua, kila asubuhi natoka na chai yangu naenda kuchungulia.