Wamenichagulia wimbo wa Kiingereza

Yeni 5,000 zilinitoka Ijumaa na mpaka leo roho yangu haijatulia. Hapa Japani kila Desemba wafanyakazi wanakutana kula na kunywa, wanaita bonenkai, sherehe ya kuusahau mwaka, na kila mtu anajilipia. Wa nyumbani mtashangaa, maana kwetu aliyekuita ndiye mwenye bili. Hilo nimeshalizoea. Kilichoniuma kilikuja baada ya chakula, tulipohamia chumba cha karaoke. Msimamizi wetu wa zamu, kijana tu, alishika tableti ya kuchagulia nyimbo, akaniwekea wimbo wa Kimarekani, akanikabidhi maiki. Nikamwambia siujui. Akacheka, na wenzake wakacheka: Mwafrika gani hajui Kiingereza?

Ndugu zangu, mwaka wa nne huu nafanya nao kazi usiku kwenye kiwanda cha bento, chakula cha kupakiwa kwenye boksi, hapa mkoani Saitama. Maelekezo napewa kwa Kijapani, ruhusa naomba kwa Kijapani, nikiumwa najieleza kwa Kijapani. Kiingereza nilikikuta sekondari kule Tukuyu na sekondari nikakiacha. Ila ikifika zamu ya kuimba, nageuzwa Mmarekani. Najua hakuwa na nia mbaya, na hapo ndipo panapouma, maana hajawahi hata kujiuliza.

Nikaichukua tableti, nikaandika mwenyewe: "Kaze wo Atsumete".

Wimbo huo ni wa kundi la Happy End, umo katika albamu yao Kazemachi Roman ya 1971, na jina lake ni kukusanya upepo. Gitaa linakwenda taratibu, na Haruomi Hosono anaimba kwa sauti ya chini kama mtu anayezungumza peke yake barazani. Maneno aliyaandika mpiga ngoma wao, Takashi Matsumoto. Kazemachi ya jina la albamu ni mji wa upepo, yaani Tokyo ya utoto wake, mitaa ya Aoyama, Shibuya na Azabu kabla haijabomolewa na kujengwa upya kwa ajili ya Olimpiki ya 1964. Aliyeikumbuka Kariakoo ya nyumba za chini zenye ua wa ndani, akaenda leo akatazama juu, huyo hahitaji mkalimani. Wapenzi wa filamu waliusikia katika Lost in Translation ya 2003. Msimamizi wangu alikuwa hajawahi kuusikia. Waliouimba pamoja nami ni watu wa umri wa wazazi wangu, na mmoja wao aliweka glasi chini, akafumba macho.

Kuna jambo juu ya kundi hili ambalo nilitamani kulisema palepale, Kijapani changu kikanigomea kwa hasira. Karibu na 1970 wanamuziki wa hapa walibishana vikali kama roki inaweza kuimbwa kwa Kijapani. Upande wa akina Yuya Uchida ulisema roki ni ya Kiingereza, ukitaka dunia ikusikie imba hivyo. Happy End wakashika lugha yao. Kwetu nasi yalikuwapo maneno hayohayo mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu wakidai rapu haiwezi kukaa kwenye Kiswahili, hadi akina Saleh J wakathubutu. Kwa hiyo mtoto wa Japani kunilazimisha Kiingereza ili niwe mwanamuziki wa kweli, mbele ya wazee walioupokea wimbo ule ukiwa mpya, kwangu lilikuwa jambo zito.

Nyimbo za Kijapani za aina hii sikuzipata kwenye intaneti. Kijapani changu cha kwanza maishani ni sauti ya yule mama ndani ya Noah ya mjomba, anayelalamika kila ukiwasha gari kwamba kadi haijaingizwa, na redio yake iliyokuwa inaishia 90 tukakosa nusu ya stesheni. Nilipofika hapa nilijua nyimbo za katuni tu, kama wengi wenu. Kiwandani kuna mama mmoja wa mstari wa wali, ana miaka 65. Usiku mmoja saa tisa alinikuta chumba cha mapumziko na simu yangu, akauliza nasikiliza nini. Wiki iliyofuata akaniletea mfuko wa karatasi wenye CD 11, za kwake na za marehemu kaka yake. Juu ya kila moja alibandika kikaratasi chenye jina la wimbo wa kuanza nao, kwa hiragana, herufi zao nyepesi, kwa sababu alijua kanji, zile zenye asili ya Kichina, zinanishinda. Nimepokea zawadi nyingi katika nchi hii, hakuna iliyonigusa kama vile vikaratasi.

Kilichobandikwa kwenye Hosono House, albamu ya Hosono ya 1973, kilisema nianze na "Koi wa Momoiro". Hosono aliirekodi nyumbani kwake Sayama, katika nyumba zilizokuwa za wanajeshi wa Marekani, na Sayama ndipo ninapopanga chumba! Ni mji wa chai. Siku ya kwanza kuyaona mashamba yake nilisimama nikidhani naiona Katumba, isipokuwa huku wameisawazisha kama wamenyoa kwa mashine. Mwimbaji Harry Styles, ambaye wadogo zenu wote wanamjua, alichota humo jina la albamu yake ya 2022, Harry's House.

Nanyi sikilizeni hizi. Mwimbaji Taeko Onuki, albamu Sunshower, 1977. Anzeni na "Tokai", yaani mjini. Muziki aliupanga Ryuichi Sakamoto kabla dunia haijamjua. Ilipotoka haikuuzika, na sasa wageni wanapanda ndege kuja kuitafuta santuri yake. "Mayonaka no Door" ya Miki Matsubara sitaieleza, mitandao imeshawachosha nayo.

Kundi la Fishmans, Long Season, 1996. Albamu nzima ni wimbo mmoja wa dakika 35. Chini yake kuna besi iliyozaliwa na rege, juu yake sauti nyembamba ya Shinji Sato, aliyefariki 1999 akiwa na miaka 33. Nausikiliza kwenye treni ya Seibu nikienda Tokyo, na unaisha kabla hatujafika Takadanobaba. Kwenye baiskeli msiweke spika za masikioni, polisi watawasimamisha.

Ila kwa mtu aliyehama, wimbo ni "Tokyo" wa Quruli, 1998. Ni vijana wa Kyoto. Anayeimba ameingia jiji kubwa, anaongea kama anayeandika barua kwa mtu aliyemwacha, na anakiri kwamba akiwa stesheni humkumbuka. Mwisho gitaa linanguruma kuliko maneno. Miezi ya kwanza, nilipokuwa namwambia mama kwenye simu kila kitu ni salama, laiti ningekuwa nao.

Mnaonitumia ujumbe kila siku kuuliza njia ya kuja, nisikilizeni. Mwenye viza ya mwanafunzi, akishapata kibali cha kibarua, anaruhusiwa saa 28 kwa wiki wakati wa masomo, basi. Dalali akikwambia ada ya chuo utailipa yote kwa kibarua, anakudanganya, msiuze shamba la baba kwa ajili yake. Kazi ya kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri sheria inaiongezea malipo kwa asilimia 25, uliza kabla hujatia saini. Na jifunzeni Kijapani kuanzia huko, msitegemee Kiingereza. Watawaletea Kiingereza pale tu msipokihitaji.

Jumapili alfajiri, zamu ikiwa nusu, mama wa mstari wa wali alikaa karibu yangu na chai. Hakugusia karaoke. Aliuliza tu: mwaka ule wa Happy End, kwenu mlikuwa mnasikiliza nani? Nikamwambia Morogoro Jazz, Mbaraka Mwinshehe. Halafu nikakumbuka, nikaweka kikombe chini. Nikamwambia Mbaraka alifika hapa Japani, kwenye maonyesho ya Osaka ya 1970, akarudi nyumbani na kuyaimba.

Akanikamata mkono. Mwaka ule alikuwa na miaka 10, baba yake aliwapeleka Osaka kwa treni. Anaukumbuka mnara wa jua, na foleni ya kuliona jiwe la mwezini waliyoiacha njiani kwa uchovu. Bendi ya Tanzania haikumbuki. Nikautafuta "Expo 70" kwenye simu, nikamwekea sikioni. Dakika zetu za mapumziko zilikuwa zimekwisha na kengele imelia, lakini hakunirudishia simu hadi gitaa la Mbaraka liliponyamaza.