Mikono nyuma
Kwa mwezi mzima sasa nawaandaa wenzangu sita wawe walimu wa mfumo mpya wa ununuzi na stoo. Si watu wa kompyuta. Tumewachagua kwa sababu wenzao wakikwama huwakimbilia wao, na kwangu hiyo inazidi cheti chochote.

Sharti la kwanza nililowapa: ukifundisha, mikono nyuma. Usishike kipanya cha mtu. Walikubali haraka, kulitimiza ndiyo ikawa kazi. Siku ya zoezi, mama wa stoo alikuwa anamwelekeza kijana kupokea mzigo wa oda. Kijana akasita, kishale kikawa kinatangatanga kwenye skrini. Mama hakuvumilia, akainama, akachukua kipanya, akabofya mara tatu, mzigo ukapokelewa.

"Umeona, mwanangu?"

"Nimeona, mama."

Nikampa kijana oda nyingine aifanye peke yake. Akakwama palepale, penye idadi: oda ilisema maboksi 50, karatasi iliyokuja na mzigo ikasema 48.

Tulikaa tukijadili maboksi hayo mawili yaliyopungua karibu nusu saa, na sijutii hata dakika moja. Kabla malipo hayajatoka, mfumo unalinganisha vitu vitatu: oda tuliyoagiza, mapokezi yaliyojazwa na stoo, na ankara ya muuzaji. Wa stoo akijaza 50 ili amalize haraka, ankara ya 50 itapita bila swali na tutalipia mali ambayo haipo rafuni. Akishaelewa hivyo, vitufe atavipata tu. Tangu siku hiyo, kila mwalimu anaanza kwa kueleza safari ya mzigo, skrini ikiwa bado imezimwa.

Maandalizi nayo yana mitego yake. Darasa letu la kwanza la majaribio, wote waliambiwa wafungue oda ileile. Aliyetangulia aliingia, wengine wakaambiwa na mfumo kwamba inatumiwa na mtu mwingine. Halafu oda ikishapokelewa yote, haipokelewi tena. Kwa hiyo sasa mwalimu anatengeneza oda mbili kwa kila mwanafunzi, moja ya somo na moja ya akiba, siku moja kabla. Pia anaingia kwa akaunti yenye haki zilezile za wanafunzi, yaani inayoruhusiwa kufanya yaleyale tu kwenye mfumo. Ukifundisha kwa akaunti yenye haki pana utasema "bofya kule juu kulia", na wao huko juu kulia hawana kitu.

Jana mama wa stoo alifundisha tena. Mwanafunzi wake alisimama kwenye idadi, kimya. Nilimwona mama anafumbata vidole vyake nyuma ya mgongo, anasubiri. Kimya kilikuwa kirefu, hata mimi nilitamani kusema kitu. Mwishowe akauliza kwa upole, "Karatasi ya mzigo inasemaje?"

Mwanafunzi akaichukua, akaisoma kwa kidole mstari kwa mstari, kisha akaandika mwenyewe: 48.