Jina la mgonjwa lililogoma kutoka

Nilikuwa Mtwara na mafaili ya EDF (muundo wa kuhifadhi vipimo kama hivi) ya mawimbi ya ubongo, yenye majina kama "mama wa Mikindani mpya 2". Mwenzangu wa Dar alitaka tuyachambue pamoja. Nikayapanga kwa BIDS, mfumo wa pamoja wa kupanga na kutaja mafaili ya data za ubongo: sub-01_task-rest_eeg.edf, na umri kwenye participants.tsv, jedwali la washiriki. Kikaguzi cha BIDS, programu inayoangalia kama mpangilio ni sahihi, kikapitisha, nikashangilia.

Kumbe mapema mno! Nilipofungua faili moja kwenye Notepad, jina la yule mama lilikuwa palepale juu, kamili na la baba yake. Mwanzoni mwa faili, EDF hutenga nafasi 8 za herufi kwa toleo la muundo, kisha 80 za utambulisho wa mgonjwa. Kubadili jina la faili hakuzigusi. Skripti fupi (programu ndogo) ya Python ikaweka "X X X X" mahali pa jina na kujaza nafasi tupu hadi zitimie 80, maana ikipungua hata moja faili halisomeki. Nikatuma usiku, kwa bando la usiku.