Bunduki ya vifaru, Small Heath

Nilipomwambia mama kwenye WhatsApp kwamba mzee ninayemhudumia huku Birmingham ana bunduki ya kupigia vifaru, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama polisi wa Uingereza hawakamati majangili. Ikabidi nifafanue: vifaru vya jeshi, mama, vile vya minyororo. "Hata kama," akasema. "Tafuta kazi nyingine."

Mimi nilianza maisha ya huku kwa kubeba boksi, usiku kucha ghalani, mpaka mgongo ukasema basi. Sasa nalea wazee majumbani. Huyu yuko Small Heath, alikuwa fundi wa kukereza vyuma, na siku ya kwanza naingia sebuleni nilikuta lile dude limelala juu ya viegemeo viwili, refu kuliko kochi. Nilirudi nyuma hadi mlangoni. Mtu mweusi, mgeni, mwenye makaratasi ya kuhesabu miezi, chumba kimoja na silaha ya vita! Yeye akacheka, akafungua droo na kunionyesha cheti: imezimwa isifyatue tena, mtutu umezibwa, na muhuri ni wa ile nyumba ya kupimia bunduki ya hapahapa Birmingham, inayofanya kazi hiyo tangu 1813.

Inaitwa Boys. Nilidhani ni ya wavulana. Kumbe ni jina la Kapteni Boys, mmoja wa walioibuni, aliyefariki Novemba 1937, siku chache tu kabla jeshi halijaikubali, ndipo wakaipa jina lake. Ina kilo 16, haijatiwa risasi. Magazini ya risasi tano inakaa juu, kwa hiyo vilengeo wamevisogeza kushoto, la sivyo usingeona mbele. Mtutu mzima unateleza nyuma kwenye fremu yake na kugonga springi, na kitako kina mto wa mpira. Pamoja na hayo yote, mzee anasema, waliokuwa wakiifyatua walitoka na bega lililovimba.

Na ilikuwa imechelewa. Kwa karibu, mita 90 hivi, ilitoboa chuma cha milimita 20 na kidogo, lakini vita vilipopamba moto Wajerumani walikuwa na vifaru vinene zaidi ya hapo. Askari wakaanza kuidharau, hata mwaka 1942 Wakanada wakaomba kampuni ya Walt Disney iwachoree katuni ya kuwafundisha na kuwatia moyo. Mwaka uliofuata ikaja silaha nyingine ikachukua nafasi yake. Ndiyo maana wakusanyaji wanaipenda, nadhani: imezeeka kabla ya kuota meno.

Rafiki zake wakija ni ubishi wa saa nzima. Mwenye Boys ya mwanzo anajivunia mguu mmoja wa mbele na ile breki ya mviringo mdomoni mwa mtutu, ya kupunguza teke la bunduki. Mwenye ya Kanada anajibu kwa miguu miwili na breki bapa yenye matundu. Wote wanaota kupata Mauser ya Wajerumani ya 1918, mama wa hizi zote, inayoingia risasi moja moja na haina springi wala mto wa kulionea bega huruma. Mmoja aliwahi kwenda hadi Finland kuitazama Lahti, bunduki ya vifaru ya huko, milimita 20, kilo karibu 50. Wafini waliipa jina la bunduki ya tembo. Hilo sikumwambia mama.

Kilichonifanya nizoee ni herufi tatu ubavuni mwake: BSA, yaani Birmingham Small Arms, walioiunda. Kiwanda kilikuwa hapahapa Small Heath. Baba yake mzee alifanya kazi humo, na usiku wa tarehe 19 Novemba 1940, ndege za Wajerumani zilipokipiga mabomu wakafa wafanyakazi 53, zamu haikuwa yake.

BSA mimi naijua kwa baiskeli. Babu alikuwa nayo, na mbele ilikuwa na nembo ya bunduki tatu zilizoegemezana. Babu alikuwa keya, askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki, akapelekwa Uhabeshi kupigana na Wataliani. Nilimsimulia mzee habari za Sajenti Leakey wa batalioni ya 6 ya KAR, batalioni ya Tanganyika, ambaye Mei 1941 kule Colito, hukohuko Uhabeshi, aliruka juu ya kifaru, akafungua mfuniko kwa nguvu na kuwapiga risasi waliokuwemo, akamwacha dereva tu. Alipojaribu kifaru cha pili akauawa. Mzee alitazama Boys yake kwa muda mrefu bila neno.

Mwezi uliopita alisema anataka kunipa. Haiwezekani. Ilizimwa kwa mtindo wa zamani, bolti yake ya kusukumia risasi bado inavutika, na tangu sheria ilipokazwa mwaka 2017 huruhusiwi kuiuza wala kuigawa mpaka izimwe upya kwa vipimo vya sasa. Hataki. Anasema wataichomelea mpaka irudi nondo. Mimi mwenyewe chumba changu hakina ukuta wa mita moja na nusu ulio wazi.

Kwa hiyo kila Alhamisi naishusha, maana mabega yake hayawezi tena, naye anaifuta mafuta kwa fulana kuukuu. Juzi binamu alinitumia picha ya baiskeli ya babu. Mzee akaishika simu yangu karibu na pua, akaikuza ile nembo, akauliza iko wapi sasa. Nikamwambia ilibeba mkaa mpaka fremu ikakatika.