Nilivyokadiria gharama ya taka hatarishi za karakana yetu Mtwara

Mimi ni mhasibu wa karakana ya malori na jenereta hapa Mtwara. Oili chafu, filta zilizolowa, betri mbovu na tope la mafuta vinakaa kwenye mapipa nyuma ya banda. Kila mapipa yakijaa, swali ni lile lile: tumlipe mkandarasi mwenye kibali avipeleke Dar, zaidi ya kilomita 550, au tuchimbe shimo tufukie? Ukitazama bei ya mwaka huu pekee, shimo ni rahisi mno. Bosi akaniambia, "Mhasibu, nataka namba."

Nilianza na miaka kabla ya bei. Ukimlipa mkandarasi, unajua umelipa nini na karatasi unazo. Shimo halina tarehe ya kufunga hesabu. Udongo wetu wa pwani ni mchanga: ukimwaga oili asubuhi, mchana unakuta doa tu, yenyewe imeshazama. Mvua za Desemba hadi Aprili zinaisukuma chini zaidi, na majirani zetu wana visima. Nikaandika nani anaweza kuja kudai na lini: jirani mwenye kisima, NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira (kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inayotaka mchafuzi alipe), mnunuzi wa kiwanja, na benki ikikataa kukipokea kama dhamana. Bosi aliposoma hilo la benki aliweka kalamu chini.

Kila dai nililiwekea makisio matatu, la chini, la kati na la juu, pamoja na uwezekano wa kutokea. Bei za kufukua na kusafirisha udongo niliwauliza wenye mitambo.

Sehemu ya kuwa macho ni kuirudisha gharama ya baadaye kwenye thamani ya leo. Chukua milioni 100 za kusafisha eneo baada ya miaka 30. Kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 10 kwa mwaka, leo zinaonekana kama milioni 5.7. Kwa asilimia 3, ni milioni 41. Shimo ni lile lile! Kwa kuwa makisio yangu yalikuwa kwa bei za leo, nilitumia kiwango kilichokwisha kuondolewa mfumuko wa bei, kisha nikamwekea bosi majibu yote mawili, la asilimia 10 na la asilimia 3, bega kwa bega, ajionee kiwango kinavyoweza kulificha deni. Mhasibu anayeleta jibu la asilimia 10 peke yake kwa jambo la miaka 30 anamnyima mwenye mali haki yake ya kujua.

Bosi aliuliza, "Na tukiuza kiwanja?" Nikamweleza Love Canal, kule jimbo la New York, Marekani. Kampuni ya Hooker ilifukia kemikali kuanzia 1942 hadi 1953, tani zipatazo 20,000, kisha ikaiuzia bodi ya shule eneo hilo kwa dola 1, na hati ikasema haitawajibika tena. Mwaka 1978 serikali ilitangaza hali ya dharura na familia zikahamishwa. Mwaka 1995 Occidental, iliyokuwa imeinunua Hooker, ilikubali kuilipa serikali ya Marekani dola milioni 129. Sheria yetu si ya kwao, lakini hati ya mauzo haiondoi sumu ardhini, na mdai huanza kwa kumtafuta aliyeiweka.

Kilichobaki ni shimo la zamani, lililofukiwa kabla sijaajiriwa. Hilo nililitenganisha na mapipa ya sasa. Taka ambazo bado hatujazizalisha ni gharama za uendeshaji za miaka ijayo. Shimo lililopo ni wajibu uliokwisha kuzaliwa, na kwa kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IAS 37, ikiwa malipo yanaelekea kutokea na yanakadirika, lazima yatengewe fedha vitabuni. Nilitenga kwa makisio ya kati na kueleza la juu kwenye maelezo ya hesabu.

Bosi alisaini. Mapipa yanaenda Dar, na kila hati ya makabidhiano inaingia faili lisilochomwa pamoja na risiti za zamani. Kabla ya mvua tunapima maji ya kisima cha jirani, na majibu ndiyo yatakayoniambia kama kiasi nilichotenga kwa ajili ya shimo kipande.